Kunja Mguu

Haya yalimpata rafiki yangu Rozi wa Kanoni, na Rozi si mtu wa kutia chumvi.

Alikwenda Mabira kwa shemeji yake Bigirimana kuchukua mkungu wa ndizi. Huyo Bigirimana ndiye aliyemgonga Uwitonze, binti wa jirani, kwa pikipiki, akamwacha afe njiani, kisha akashika Biblia mbele ya mama wa mtoto na kuapa kwamba hakupita pale. Mimi huruma naye sina.

Wingu la mvua lilikuwa limetanda, ndani giza mchana kweupe. Bigirimana alikaa mkekani, miguu ameinyoosha. Mara wakasikia sauti ya mtoto migombani, ikihesabu miguu kama watoto wanavyocheza: kila neno mguu mmoja hugongwa, na neno la mwisho likikufikia, unakunja.

"Ndizi, kahawa, maharage..."

Uwitonze alizoea kulichelewesha neno la mwisho, makusudi, ili wenzake wateseke. Sauti ile nayo ikanyamaza.

"Shemeji, mfukuze huyo mtoto," Bigirimana akanong'ona.

"Kunja!"

Mguu wake wa kushoto ukajikunja.

"Rozi, ninyooshee!"

Rozi aliuvuta mpaka jasho likamtoka. Haukunyooka.

Kisha sauti ikaanza upya, safari hii humo humo ndani, na kila neno lilikuja na mlio wa kiganja kidogo kikiugonga mguu wa kulia.

"Ndizi. Kahawa. Maharage..."