Sentensi ya Kumi

"Wifi, nisomee. Na usinifiche kitu, hata kama ni kaka yako."

Daftari nilikuwa nimelitoa chini ya bisibisi, kwenye mkoba wa kazi wa mume wangu, fundi wa lifti. Miezi miwili sasa, kila Jumanne na Alhamisi jioni ananyoa ndevu, anajipulizia manukato, anatoka. Nikimuuliza, eti kazi. Mimi si mtoto. Nilishajiapia kwamba nikigundua ana mwanamke, narudi kwetu. Ila udadisi nao ni ugonjwa. Nilitaka kwanza nijue anamwandikia nini huyo mtu, tena kwa Kiingereza nisichokijua.

Wifi akapitisha kidole kwenye mistari, akacheka peke yake.

"Kila mstari una neno moja, 'usually'. Maana yake kwa kawaida. Sikiliza: Kwa kawaida mke wangu huimba akishona. Kwa kawaida husema hajakasirika. Kwa kawaida amekasirika."

Uso ukaniwaka. Kumbe mwanamke mwenyewe ni mimi. Wifi akasoma mpaka sentensi ya tisa. Ya kumi ilikuwa namba tu, mbele yake patupu. Kitu gani kilimshinda kuandika?

Mume wangu akaingia, akatukuta tumeliinamia daftari lake. Wifi akakumbuka ghafla kwamba ana safari, akatuacha.

Alinieleza yote macho yakiwa chini. Maelekezo ya lifti mpya yameandikwa kwa Kiingereza, na asiyeweza kuyasoma ataachishwa kazi. Akajiandikisha masomo ya jioni, akanificha nisije nikamcheka, mtu mzima kurudi darasani. Zile zilikuwa zoezi alilopewa: sentensi kumi, kila moja iwe na 'usually'.

"Na manukato?"

"Natoka kazini nanuka grisi, halafu nakaa dawati la mbele. Ningefanyaje?"

"Na ya kumi mbona umeiacha?"

Akajikuna kichwa.

"Nilitaka kuandika kwamba nakupenda. Mwalimu akasema hiyo 'usually' ni ya jambo linalotokea siku nyingi, si zote. Ni neno linaloacha siku za kukosa. Nikaona hapo halifai."

Machozi yalinitoka, sitaki kudanganya. Nikamsogezea kalamu.

"Basi iandike bila hilo neno."

"Mwalimu ataikosoa."

"Aikosoe."

Akaandika. Alhamisi alirudi na tisa juu ya kumi, nikamwambia mwalimu wake hajui kusahihisha.