Jina Kwanza, Kilo Baadaye

Jumamosi ile ya mwaka wa 1971, soko la Kadutu lilifurika hata pa kukanyaga hapakuwapo. Adolphine, muuguzi, amejifunga kitenge cha kijani na blauzi yake ya libaya, alikuwa anachagua maharagwe aliposikia mwanaume anambembeleza muuzaji amwachie mizani yake.

— Ya kupima nini? muuzaji akauliza.

— Batoto.

Adolphine akacheka mpaka kikapu kikamtoka mkononi.

— Wee papa! Unataka kutundika batoto ya batu kwa ndoano sawa nyama?

— Nimeshona nguo ya kubatia ndani, maman. Kama unajua kushona kunipita, kuya unisaidie.

Shati lake lilikosa kifungo, na uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Alikuwa Docteur Lucien, daktari pekee wa hospitali moja ya upande wa Mudaka. Jumanne iliyofuata Adolphine alifika huko na sindano na uzi. Alisema amekuja kutafuta kazi, na kazi akapewa, lakini tusidanganyane.

Tangu siku hiyo, kila Jumanne alipima watoto chini ya paa la kanisa la Mudaka. Alikuwa na sharti lake.

— Jina kwanza, docteur. Kilo baadaye. Mutoto hapimwe bila jina.

Daftari zikajaa. Ni yeye aliyeona, kabla ya mtu mwingine yeyote, kwamba mtoto wa bwaki, ule ugonjwa wa utapiamlo, hupoteza kilo miezi miwili kabla ya miguu kuvimba.

— Andika hii, chéri. Baganga bengine bajue.

— Kuandika ni kazi ya maprofeseri. Mimi asubui napasua, midi ni malaria, mangaribi nazalisha. Daktari wa kila kitu anatoa wapi saa ya kuandika kitu?

— Basi mi nasoma, we unaandika. Unaogopa kalamu kuliko kisu?

Wakaandika, Jumapili baada ya misa, kwenye baraza. Yeye akisoma hesabu, Lucien akizigeuza Kifaransa, chai ikipoa. Hakuna daktari wa vijijini waliyemjua aliyewahi kuchapishwa. Lucien akamshika mkono.

— Majina mbili juu, chérie. Yangu na yako.

Adolphine aliyaweka maneno hayo moyoni.

Basi mwanzoni mwa 1973 baba yake Adolphine akaugua, naye akaenda kumuuguza Luhwindja. Wakati huo serikali ilikuwa imeshafuta majina ya Kikristo; kila mtu alikwenda ofisi ya komini kuandikisha jina la mababu. Adolphine naye alikuwa amekwenda asubuhi moja kabla ya kazi. Ila hospitalini waliendelea kumwita Adolphine, kwa sauti ya chini.

Siku moja Lucien akamwita kwenye redio ya misioni, ile phonie. Alikimbia peku. Hapo kila aliyemaliza kusema alitia À vous, yaani zamu yako.

— Chérie, papa iko aje? À vous.

— Anapata nafuu. Na article yetu? À vous.

Redio ikakwaruza.

— Iko… iko muzuri. Huko mvua inanyesha? À vous.

Watu wa misioni zote waliokuwa wakisikiliza kwenye redio ile ile wakaangua kicheko. Adolphine akacheka nao. Alidhani mwenzake amezidiwa na mapenzi.

Aliporudi, Eulalie, sekretari wa hospitali, alimpa gazeti la madaktari lililotoka Kinshasa.

— Kaa kwanza, ndio usome.

Chini ya kichwa cha makala kulikuwa na jina moja tu: Bahizire, lile jipya la Lucien. Adolphine akaingia ofisini bila kubisha.

— Jina yangu iko wapi?

— Jina Adolphine bangekataa. Balitaka ile ya komini, na barua ilipaswa kwenda na ndege ya Ijumaa.

— Sasa ile ya komini?

Lucien akainamisha kichwa. Hapo ndipo Adolphine alipoelewa, na iliuma kupita gazeti lenyewe.

— Haukuijua.

— Nilitaka kukuuliza kwa phonie. Bote balikuwa banasikiliza. Nilisikia aibu, Adolphine. Nitauliza aje, mbele ya batu, jina ya mwanamuke nataka kuoa?

— Ukauliza mvua! Eulalie anajua jina yangu. Mwenye kufagia anajua. We, mwaka na nusu unaniita chérie, haujauliza hata siku moja. Na mimi nilingojea uulize.

Alichukua daftari zake zote akatoka. Majuma matatu hakumsemesha ila neno la kazi. Alimpenda bado, na jambo hilo lilimkasirisha mno. Usiku alilia, asubuhi alinawa uso akaenda kupima.

Jumanne ya nne, mstari ulikuwa mrefu.

— Jina? akauliza bila kuinua macho.

— Bahizire Lucien.

Alikuwa amesimama katikati ya akina mama, na karatasi mbili mkononi.

— Docteur, toka kwa mustari. Batu banangoja.

— Na mimi nangoja zamu yangu.

Akawageukia wanawake, akatoa ile sauti aliyoshindwa kuitoa kwenye phonie:

— Bamaman, napenda huyu mwanamuke, na jina yake siijue. Nimekuja kumuuliza mbele yenu.

— Iiii! Aibu, docteur! akasema mama mmoja.

— Ndiyo, maman. Ni aibu.

Akaweka karatasi mezani. Ya kwanza ilikuwa barua kwa gazeti: kazi ile ilikuwa ya watu wawili, mmoja aliachwa kwa kosa langu, naomba mrekebishe. Ya pili ilikuwa ya ndoa, ya komini. Zote mbili zilikuwa na nafasi tupu.

Adolphine akazisoma moja moja.

— Nsimire, akasema. Nsimire M'Cirhuza. Ni jina ya nyanya yangu.

Lucien akalirudia polepole, akainama kuandika kwenye barua.

— Hapana hapo. Juu ya yako.

Akaliandika juu ya lake. Adolphine akaichukua karatasi ya pili, akaikunja, akamrudishia.

— Hii upelekee papa kule Luhwindja. Uende na miguu yako, si kwa phonie.

— Nitaenda, Nsimire.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Nsimire akalia mbele ya watu wote, kalamu mkononi, bila kuona haya.