Kilio cha Mwanangu Kiliniuma, Wakasema Simpendi

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka thelathini na mmoja, naishi chumba cha kupanga hapa Huruma, Eldoret. Nina mtoto, lakini naishi peke yangu...

Kwa miaka mingi nilikuwa nasaga mahindi ya watu kwenye posho mill. Mashine ilinguruma kutwa nzima na sikuwahi kuziba masikio. Nani huziba masikio kazini? Ningechekwa.

Binti yangu Chebet alipozaliwa, masikio yalikuwa yameshaanza kuvuma. Kisha sauti zikaanza kuniuma. Sisemi kunikera, nasema kuuma! Kifuniko cha sufuria kikianguka, nilihisi msumari ukipigiliwa sikioni. Mvua ikigonga mabati, nilijifunika blanketi nikalia. Na Chebet je? Alipolia, mimi mama yake nilikimbilia nje kwanza, ndipo nirudi kumbeba huku machozi yakinitoka.

Mume wangu, Kibet, hakuamini. Angeaminije, na sikuwa na kidonda cha kumwonyesha? Siku moja nikiosha vyombo alifungulia redio mpaka mwisho, makusudi, aone kama nadanganya. Nilianguka chini. Alipoizima alisema eti najua kuigiza.

Kanisani nako nilitoka mbio spika zilipowashwa. Wakasema nina pepo asiyetaka kusikia sifa! Akina mama wa maombi wakaja nyumbani, wakanizunguka na kukemea, mmoja wao mdomo sikioni kwangu kabisa. "Toka! Toka!" Nilipopiga mayowe walifurahi, wakidhani anatoka. Jamani, walinitakia mema, lakini walinimaliza.

Tangu hapo nikajifungia. Pamba masikioni kutwa kucha, dirisha nimeliziba kwa magunia. Nilidhani najiponya... Kumbe nilivyozidi kuukimbilia ukimya ndivyo masikio yalivyozidi kuwa mepesi, hata ufagio wa jirani ukaniuma.

Siku moja mama mkwe akaja kutoka Timboroa. Alimkuta Chebet akilia nami nimejikunyata kwenye kona.

"Mama gani huyo hawezi skia mtoto wake akilia?" alimwuliza Kibet, mimi nikiwa papo hapo.

Kibet hakunitetea. Alifunga nguo za mtoto, wakaondoka wote watatu. Watu wakaambiwa nimemkataa mwanangu!

Jirani yangu, Mama Halima, muuza vitambaa, alikuwa akinitumia ujumbe badala ya kugonga mlango. Ndiye aliyenisindikiza kwa daktari wa masikio. Daktari yule aliongea kwa sauti ya chini, na jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba ananiamini. Nililia! Alisema ugonjwa huu upo, watafiti bado wanatafuta tiba yake, na hakuna kidonge cha kuumaliza. Ila kuna njia inayowasaidia baadhi ya watu: kusikiliza sauti ndogo, tulivu, kidogo kidogo, mpaka ubongo uzoee upya. Ile pamba ya kutwa kucha, alisema, ndiyo iliyonizidishia.

Sasa kila siku nasikiliza mlio hafifu kwenye simu. Kuna siku napata nafuu, kuna siku narudi nyuma. Mvua naivumilia, sufuria bado. Na jioni chumba hiki ni kipana mno kwa mtu mmoja.

Juzi Kibet alimleta Chebet kunisalimia. Amekua! Nilimtekenya, akaanza kucheka... halafu akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akaniangalia kwa woga. Nilimwambia acheke tu. Akatikisa kichwa.

"Nitakuumiza," akaninong'oneza.

Wenzangu mnaofanya kazi kwenye mashine, nawasihi, kingeni masikio yenu. Sauti zikianza kuuma msijifiche kama mimi, tafuteni daktari mapema. Na mtu wako akikwambia anaumwa, mwamini hata kama huoni kidonda. Mimi niko tayari kuumia, mradi nimsikie mwanangu akicheka. Yeye ndiye hathubutu tena.