Kicheko Kilichoshushwa

Walikutana kwenye soko la vitambaa, tena kwa utani. Mshona mapazia alikuwa anapimiwa mita kumi na mbili za nailoni, na jamaa mmoja mwenye shati la bluu lisilojua pasi amesogeza kinasa sauti karibu na mkasi wa muuzaji.

"Kaka, mkasi unaumwa?"

"Nanasa sauti yake, dada. Usicheke, utaniharibia."

Wapi! Alicheka mpaka akashika meza. Kilikuwa kicheko chembamba, cha kupanda juu, na kilinaswa chote. Jamaa hakukifuta. Alikuwa mtunga muziki wa mchezo wa kompyuta, ule wa kusoma hadithi kwa picha na kuchagua mwisho wake, na kicheko kile akampa msichana wa kwenye hadithi. Miezi miwili haikupita, wakawa chanda na pete.

Mchezo ulipendwa. Wenye mchezo wakataka albamu za rimiksi, nyimbo zilezile zilizochanganywa upya, mtunzi akajifungia na spika zake. Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Simu haipokelewi, ikipokelewa, ni "eeh, sawa, mpenzi," hata pasipo na usawa wowote. Kilichompa mshonaji moyo ni kwamba mtunzi alikuwa amemwomba amuulize mama kama posa yake itapokelewa. Kabla hajauliza, mama akaugua. Alimpigia mtunzi akiwa wodini, machozi yanamtiririka.

"Mpenzi, mama amelazwa."

"Vizuri sana, mpenzi! Mwambie nashukuru!"

Jamani! Anashukuru nini? Akamkatia simu. Wiki ileile albamu ya tatu ikatoka, akazima cherehani aisikilize. Kicheko chake, chembamba katika albamu ya kwanza, kizito kidogo katika ya pili, sasa kilikuwa kinajikokota chini kabisa kama mtu anayelia ndani ya pipa. Mitandaoni wapenzi wa mchezo walishakata shauri: msichana amekufa, na mtunzi anamzika polepole, albamu baada ya albamu. Na msichana mwenyewe si ndiye yeye? Akaandika, "Ujumbe nimeupata. Usinitafute." Akazuia namba yake, akalia mpaka macho yakavimba.

Miezi mitano baadaye, mama ameshapona, dada yake mtunzi aliingia dukani kwa mshonaji.

"Wifi, unajua kaka yangu hasikii?"

"Hasikii ndiyo zake. Mkaidi yule!"

"Hasikii kwa masikio, wifi. Yamekufa. Zilianza kumpotea sauti nyembamba, kisha zinazofuata chini yake, mpaka zote. Aliona haya kusema. Nani atampa kazi mtunga muziki kiziwi?"

Mshonaji akaketi. Albamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuuliza tena, alifunga duka mchana kweupe.

Alimkuta mtunzi chumbani kwake, amekonda, spika zimegeuzwa ukutani.

"Kicheko chako kila kiliponipotea nilikishusha kidogo, nikakipata," mtunzi akasema kwa sauti kubwa mno kwa chumba kile. "Sikukuzika. Nilikuwa nakufuata. Mwisho hata huko chini sikukuona."

"Mbona hukuniambia?"

"Unasemaje?"

Akamshika mashavu, akaugeuzia uso wake mwenyewe kwenye mwanga wa dirisha, akarudia neno kwa neno ili amsome midomo.

"Ungebaki kwa huruma," mtunzi akajibu.

"Na siku ile ya simu? Nilikwambia mama amelazwa!"

Mtunzi alimtazama midomo muda mrefu.

"Mimi nilisikia amekubali. Nilinunua suti."

Mshonaji akageuka kutazama. Suti ilikuwa nyuma ya mlango, bado imo kwenye nailoni yake.

"Nenda tu, mpenzi," mtunzi akasema. "Utaniita, sitakusikia."

"Nitakuja nikuguse."

Hakumwelewa. Basi akasogea, akamgusa bega, na mwanamume yule akalia kwa sauti ambayo mwenyewe hakuisikia.