Sufuria ya Mama Mkwe

Limau lilipogusa shaba, sufuria ilivuta pumzi. Mke wa fundi cherehani alisita, akajicheka, akaendelea kusugua. Mgongoni alikuwa amembeba mwanawe, kichanga asiye hata na jino moja.

Sufuria ilikuwa ya marehemu mama mkwe, aliyeiacha iking'aa nje lakini nyeusi tititi ndani. Mchana huo shangazi wa mumewe alikuwa anakuja kula, na shangazi yule alikuwa na jicho la kutafuta uchafu hadi kwenye malaika. Basi mke akachanganya chumvi, siki na unga, akaupaka ule uji ndani, akasugua kwa ganda la limau. Weusi ukabanduka. Jikoni hakukunuka siki. Kulinuka udongo wa kaburi bichi. Mtoto alichungulia begani, akaiona sura yake kwenye shaba, akacheka. Kicheko kikakatika ghafla.

"Nani kakutuma usugue ndani?" Shangazi alikuwa amesimama mlangoni.

"Si uchafu, shangazi? Niliona aibu."

"Mama mkwe wako alikuwa msafi kutushinda sote! Ule weusi aliuacha makusudi. Alimfungia jini mle, na jini huyo akiipata sura ya mtu, anamwingia."

"Mungu wangu! Tufanyeje?"

"Tuiunguze irudi nyeusi. Geuza uso, usitazame ndani!"

Wakaipaka mafuta, wakaifunika, wakaibandika motoni, na moshi ulipoanza kutoka wakasikia kucha zikikwaruza shaba kwa ndani, kisha vigumi vikigonga mfuniko, kisha sauti iliyozibwa, ikipanda na kushuka, nao wameshikana mikono, jasho jembamba likiwatoka, wakiomba inyamaze, hadi ikafifia kabisa.

"Tumeponea chupuchupu," shangazi alinong'ona, akaepua.

Mke alimfungua mtoto ili amnyonyeshe. Alishangaa jinsi alivyotulia. Mdomo ulioshika titi ulikuwa wa baridi.

Ndipo kilio kikatoka ndani ya sufuria, chembamba, kimekauka. Alikijua. Alikuwa akikiamkia kila usiku tangu ajifungue.

"Mwanangu!" Akaliparamia limau lililobaki ili ausugue tena ule weusi.

Kile kilichokuwa kifuani kiliachia titi, kikamshika mkono kwa nguvu za mtu mzima.

"Iache, mama," kikasema. "Bado nina njaa."