Kiti cha Mama Hakipoi

Sogeeni, wajukuu zangu, mnyamaze. Shoga yangu mshonaji alikuwa akimpeleka mama yake hospitali, kwa gari la mama mwenyewe. Asubuhi ile ya baridi mama akamwomba, “Niwashie joto la kiti, mwanangu.” Akamjibu, “Vumilia, utanimalizia betri.” Mama akafia njiani, akitetemeka.

Tangu siku ile kiti kile kitupu kikawa kinapata moto chenyewe. Akaita fundi umeme wa magari, naye akakipapasa. “Dada, abiria wako umemshushia wapi? Hiki hakiwaki bila mtu kukikalia.” Akakata nyaya zake zote.

Basi kaka yake alirithi nyumba, dada yake mdogo akarithi shamba. Shoga yangu alirithi gari, na kiti ambacho mpaka leo kina moto, tena kimebonyea.