Daktari Aliyeomba Kuona Jiko

Vumilia ni fundi cherehani katika kijiji cha wachimbaji wa dhahabu, si mbali na mji wa Geita. Kila asubuhi hutoa cherehani yake barazani, akaipangusa vumbi na kuanza kazi. Vitambaa hununua gulioni Buseresere. Mumewe, Masele, ni mchimbaji. Mtoto wao, Amosi, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na kila anachokiokota hukitia mdomoni.

Vumilia alisifika kwa sare za shule. Lakini mwaka ule mikono yake ilianza kutetemeka. Kutia uzi kwenye sindano kukawa vita. Siku moja Mama Enock, jirani yake, alirudisha shati la mwanawe.

"Fundi, hebu tazama. Mfuko huu umeuweka kifuani au kwapani?"

Vumilia alitazama. Kweli, mfuko ulikuwa unaelekea kwapani. Mama Enock alicheka. Vumilia naye akajaribu kucheka, kisha akaingia ndani akalia. Fundi asiye na mikono ni fundi gani?

Watu hawakosi la kusema. Mmoja alisema ni malaria. Mwingine alisema ni mawazo. Mama mkwe wake akasema kuna mtu amemwonea wivu. Vumilia alimeza vidonge, akanywa na dawa za mizizi, chungu kweli kweli. Mikono haikusikia dawa yoyote.

Basi akaenda kituo cha afya. Chumbani alikuta madaktari wawili. Mmoja, Dkt. Salmini, alikuwa mtu wa makamo mwenye mvi kidogo. Mwingine alikuwa msichana mwenye koti jeupe lililopigwa pasi vizuri.

"Shikamoo, daktari," Vumilia alimsalimu yule mkubwa.

"Marahaba, mama. Karibu. Huyu ni Dkt. Samia. Yupo masomoni hapa kwetu. Unakubali akuhudumie, mimi nikiwepo? Ukikataa, hakuna neno. Nitakuhudumia mwenyewe."

Vumilia alikunja uso. "Masomoni? Kwani mimi ni kichwa cha yatima, kinyozi ajifunzie kunyoa?"

Dkt. Samia alicheka. Dkt. Salmini pia akacheka.

"Umeuliza vizuri," alisema Dkt. Salmini. "Dkt. Samia ni daktari kamili. Alishamaliza chuo, na amekwishatibu watu wengi. Sasa anasomea zaidi, awe daktari bingwa wa familia."

"Yuko bingwa wa moyo, yuko bingwa wa macho. Huyo wa familia anatibu nini?"

"Anamtibu mtu pamoja na nyumba yake," alijibu Dkt. Samia. "Mtoto, mama, babu, wote. Nikiona ugonjwa, nauliza umetoka wapi. Somo hilo halipatikani vitabuni peke yake. Ndiyo maana tunaletwa vijijini."

Vumilia alitaka kukataa. Lakini udadisi ukamshika. Akasema, "Haya, niulize."

Dkt. Samia akamuuliza juu ya usingizi, homa na chakula. Akampima presha, akamwambia anyooshe mikono. Ikatetemeka. Vumilia akasema pia kwamba siku hizi mdomo wake una ladha ya chuma, na hasira zinampanda upesi. Daktari akafikiri kidogo. Akamgeukia mwalimu wake na kusema, "Huenda ni tezi ya shingo. Au ni wasiwasi."

"Huenda," alisema Dkt. Salmini. "Tezi tutaipima. Lakini umemuuliza siku yake inakwendaje?"

Dkt. Samia alitikisa kichwa. Hakuwa ameuliza. Akavuta kiti karibu. "Dada, nisimulie siku yako. Tangu unapoamka mpaka unapolala."

Swali hilo Vumilia hakuwahi kuulizwa na daktari yeyote. Akasimulia. Nafagia, napika uji, nashona. Jioni napika ugali. Masele akirudi na mali ya mgodini, nachoma dhahabu, halafu tunalala.

"Unachomea wapi?"

"Jikoni. Nafunga mlango na dirisha. Dhahabu haichomwi mbele ya macho ya watu, daktari. Utavamiwa."

Madaktari wale walitazamana. Dkt. Samia akasema polepole, "Ukiniruhusu, ningependa kuja kuliona jiko lako. Na mpaka nije, tafadhali usichome tena."

Kesho yake asubuhi Dkt. Samia alifika kwa miguu.

"Mwangaluka!" alisalimu kwa Kisukuma, huku ulimi ukimpiga chenga.

"Mwangaluka!" Masele alijibu, akacheka. "Karibu, daktari. Lakini jiko letu lina ugonjwa gani?"

"Bado sijui. Nimekuja kuuliza. Mkichoma dhahabu mnafanyaje?"

Masele alieleza kwa fahari. Mawe yanasagwa, mchanga unaoshwa. Kisha unachanganywa na zebaki, ile ya maji-maji inayong'aa. Zebaki inaikamata dhahabu, inakuwa donge. Donge linachomwa kwenye kikaango, zebaki inaisha, dhahabu inabaki.

"Zebaki inaisha?" Dkt. Samia aliuliza. "Inakwenda wapi?"

Masele alipunga mkono hewani. "Inaungua. Inapotea."

"Tuitafute."

Alifungua kwanza mlango na dirisha, akangoja hewa iingie. Akawaomba waache Amosi nje. Ukutani, juu ya jiko, palining'inia mfuniko wa sufuria. Ndani yake ulikuwa na rangi ya kijivu, kama vumbi. Dkt. Samia alichukua kijiti, akausugua. Vitone vidogo vidogo vikajikusanya, vikang'aa.

"Yesu wangu!" alisema Vumilia. "Hiyo ni zebaki!"

"Ndiyo. Haikuungua. Iligeuka hewa, tena hewa isiyoonekana. Ikipoa inashika mfunikoni, ukutani, sakafuni. Na ukiivuta, inaingia mapafuni, inakwenda mpaka kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Ndiyo inayotetemesha mikono."

Masele alikunja mikono kifuani. "Mbona mimi sitetemeki? Mimi ndiye ninayeishika kila siku."

"Wewe unaishika mahali pa wazi, ingawa nako si salama. Nani anasimama juu ya jiko, mlango umefungwa?"

Masele alimtazama mkewe, kisha akamtazama Amosi, aliyekuwa akitambaa mlangoni na kijiko mdomoni. Akamkimbilia, akamnyang'anya kile kijiko. Aliogopa, na hakuficha kwamba anaogopa.

"Nimeleta sumu mwenyewe, na mlango nimeagiza ufungwe mimi mwenyewe," alisema. "Tufanye nini?"

"Dhahabu isichomwe tena nyumbani, hata mara moja. Zebaki isilale ndani. Kikaango hiki kisipikiwe chakula. Mchomee mbali na nyumba, penye upepo, kwa chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba. Zebaki inapita kwenye bomba, inapoa ndani ya maji, haiendi kwa watu. Watoto na wajawazito wasikaribie kabisa. Na nyote watatu mje kupima mkojo."

Alipotoka, mfuko wa koti lake ulinasa kwenye msumari wa mlango, ukachanika.

"Ningekushonea," Vumilia alisema kwa huzuni, "lakini mikono ndiyo hii."

"Nitangoja," alisema Dkt. Samia.

Vipimo vilitoka maabara ya mkoa. Zebaki ya Vumilia ilikuwa nyingi. Ya Amosi ilikuwepo pia, lakini kidogo. Bwana afya akaja, akawaonyesha namna ya kuondoa udongo wa juu wa sakafu bila kufagia vumbi. Masele na wenzake wakanunua chungu cha chuma kwa pamoja. Sasa wanachoma kikundi kizima, huko nje ya kijiji, wakilindana. Kumbe wengi hawaibiwi kirahisi kama mmoja.

Mikono haikutulia kwa siku moja. Ilichukua miezi. Dkt. Samia aliendelea kupita, akiuliza maswali yake, na kila mara koti lilikuwa na mfuko unaoning'inia.

Siku ya kliniki, Vumilia aliingia chumbani akiwa na sindano na uzi mweupe.

"Kabla hatujaanza," alisema Dkt. Salmini, "nikuulize kama kawaida. Unakubali Dkt. Samia awepo?"

Vumilia aliinua sindano kwenye mwanga wa dirisha. Uzi ukapita tunduni, mara ya kwanza tu. Akanyoosha mkono.

"Lete hilo koti, mwanafunzi," alisema. "Akitoka yeye, daktari, na mimi natoka."